Mtunza Stoo na Upepo wa Rodi

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kushindana kwa baiskeli, hutarajia niwataje mwanamume mwenye filimbi shingoni na saa ya kuhesabu sekunde mkononi. Huwa nawakatisha tamaa. Nawaambia alikuwa mtunza stoo wa chuo chetu cha ualimu pale Migori. Alivaa dastikoti ya kijivu iliyokosa kifungo cha tatu kutoka juu, na kazi yake kwa mujibu wa karatasi ilikuwa kutoa chaki, majembe, mipira na matambara ya kupigia deki. Sisi wanafunzi tulimwita Stoo. Mbele yake tulisema Mzee, na yeye alijua vizuri tulivyomwita tukiwa mbali naye, wala hakujali.

Alikuwa mnyimivu wa chaki. Ukiomba tano alikupa mbili na nusu, na hiyo nusu aliivunja mbele ya macho yako. "Nusu inaandika sawa na nzima," alisema, kisha akafunga kidirisha. Lakini ukimfuata kumwambia tairi lako limetoboka, aliacha kila kitu, hata kama mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa amesimama pale akisubiri karatasi za kuandikia. Alitoa mrija wa tairi, akauzamisha ndani ya karai la maji, akautazama kwa makini hadi vipovu vilipotoka. Mkuu wa chuo alisubiri. Niliona jambo hilo kwa macho yangu, na nilimpenda Stoo kuanzia siku hiyo.

Ndani ya geti la chuo hakupanda baiskeli hata siku moja. Aliisukuma kutoka getini hadi stoo, ile baiskeli yake nyeusi nzito yenye keria pana ya vyuma alivyoongezea mwenyewe, na jioni aliisukuma tena hadi getini. Akishatoka nje tu alirusha mguu na kuondoka. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba ndani yeye ni karani, na karani hutembea. Hakuwa akitania. Huku nje, aliendelea, hakuna mtu aliyemwajiri. Vibanio vyake vya suruali, vile vya kuzuia mnyororo usiume nguo, hakuvivua hata Jumapili. Nimemwona kanisani navyo, ameketi wima kabisa, akiimba sauti ya chini.

Na hakula omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu omena tunawala asubuhi na mchana na hatuna habari. Jikoni kwa chuo walijua, wakamwekea maharagwe pembeni. "Nimeibeba ya kutosha," alisema. Hayo ndiyo maneno yaliyonifanya nianze kumuuliza habari za maisha yake ya zamani.

Kabla ya pikipiki kujaa barabarani, Stoo alikuwa mmoja wa wanaume waliobeba omena wakavu kwa baiskeli kutoka ufuoni Homa Bay hadi Rodi, Rongo na Awendo, kisha wakarudi ziwani na baiskeli tupu au na mahindi ya watu. Gunia la omena si zito. Kijana yeyote anaweza kulinyanyua. Shida yake ni kwamba ni kubwa na limefura, na likikaa nyuma ya baiskeli linashika upepo kama bati lililong'oka. Mtu mwenye magunia matatu ya omena huchoka kuliko mwenye gunia moja la simiti. Wabebaji walilijua hilo, wakawa na utaratibu wao. Walienda kwa msururu. Asiye na mzigo, au mwenye mzigo mdogo, alikaa mbele kuukata upepo. Mwenye mzigo alikaa nyuma yake, karibu kabisa, gurudumu kwa gurudumu. Hakuna aliyeombwa kufanya hivyo. Ukimkuta mtu njiani amelemewa nawe huna kitu, ulipita ukakaa mbele yake, hata kama humjui, hata kama mmegombana.

Aliye mbele hawezi kuona kama anamkinga mwenzake au la. Kwa hiyo aliuliza, bila kugeuka, neno moja tu la Kijaluo: "Yamo?" Upepo? Na wa nyuma alijibu "Onge," haupo, au "Nitie," upo. Akijibu upo, wa mbele alisogea kidogo kushoto au kulia akauliza tena, hadi apate mahali ambapo mwenzake amefichika. Walikwenda hivyo maili nyingi, neno kwa neno. Stoo aliniambia walikuwepo watu aliosafiri nao miaka kumi ambao hakuwahi kuzungumza nao jambo jingine zaidi ya hilo, na walipokufa aliwalia.

Mimi nilimjua kwa sababu ya adhabu. Nilichelewa kwa gwaride la asubuhi katika muhula wangu wa kwanza, nikatumwa stoo kuchukua tambara nikadeki bwalo. Nilipoingia niliona upande wa nyuma wa mlango umejaa mishale ya chaki, safu kwa safu, mingine ikielekea huku, mingine kule. Nikauliza ni nini.

"Ya juu ni asubuhi. Ya chini ni mchana," alisema.

"Lakini ni nini, Mzee?"

"Upepo." Kisha akanitazama, si usoni, mabegani. "Wewe ni wa wapi?"

"Karungu."

"Unajua kuendesha baiskeli?"

"Najua."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilolitaka. "Nyar Karungu," aliniita, yaani binti wa Karungu, "una mabega."

Sina budi kueleza hapa kwamba mimi ni mtu mpana. Nilikuwa hivyo tangu nikiwa msichana mdogo. Shangazi yangu alikuwa akisema kwamba atakayenioa aanze kwanza kupanua mlango, na watu walicheka, nami nilicheka nao kisha nikaenda nyuma ya nyumba. Hakuna aliyewahi kuyataja mabega yangu kwa sauti ile, sauti ya mtu anayeangalia kitu kizuri dukani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya stoo pamoja na wasichana wengine, tukijazwa masikio na maelekezo yake. Chuo kilikuwa na baiskeli za mashindano nne tu, kuukuu, na kila mtu aliosha yake mwenyewe. Ilikuwa sheria. Stoo hakumwoshea mtu baiskeli.

Kila mwaka vyuo vya upande wetu hushindana kutoka Migori mjini hadi Homa Bay, kupitia Awendo, Rongo na Rodi. Mbio za wasichana huwa za wawili wawili. Kila chuo huleta jozi moja, na wa kwanza kati yao kuvuka mstari ndiye anayekihesabia chuo. Sisi hatukuwa tumeshinda hata mara moja. Na kwenye fomu, mahali pa kuandika jina la kocha, palitakiwa mtu mwenye cheti cha ukocha. Stoo hakuwa nacho. Aliandikwa mwalimu wa michezo, bwana mmoja mpole ambaye baiskeli aliijua kwa kuiona.

Mwaka wangu wa kwanza wa kushindana nilipangwa na dada aliyekuwa nahodha wetu. Yeye alikuwa darasa la juu yangu, alikuwa ananizidi umri, na aliwahi kunipa blanketi lake nilipougua malaria. Tulipovuka Awendo yeye alikuwa mbele, mimi nyuma. Upepo ulikuwa ukitokea kushoto na kunipiga shavu moja kwa moja. Akauliza bila kugeuka, "Yamo?"

Ningemwambiaje? Mtu amenikinga kwa moyo wake wote, ananitangulia, ni mkubwa wangu, halafu nimwambie kazi yako haifai? Nikajibu, "Onge, dada."

Akauliza tena baada ya muda, nikajibu vilevile. Aliuliza mpaka Rongo na mimi nikamjibu kwa adabu mpaka Rongo. Tulipokaribia Rodi, zamu yangu ya kukaa mbele ilipofika, sikuwa na miguu. Nilikuwa nimepigana vita ile ya upepo peke yangu nyuma ya mgongo wa mtu ambaye angeweza kunificha kwa kusogea hatua moja tu. Yeye naye alikuwa amechoka kwa kuniamini. Tulipitwa na jozi sita tukiwa tumeinama kama watu wanaotafuta sindano.

Funguo za stoo zilikuwa na desturi ya kulia kiunoni mwake kila alipotembea. Akikasirika alizishika kwa kiganja, zikanyamaza. Jioni ile alikuja tulipokuwa tumekaa na hatukumsikia.

"Nyar Karungu," alisema, "nani alikwambia upepo unataka heshima?"

Nikaanza kupangusa vumbi kwenye usukani.

"Ungesema nitie, mwenzako angesogea. Sasa umemchosha, umejichosha, na wote mmepitwa. Hiyo ni adabu gani?" Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Mtu anaweza kunidanganya juu ya kitu chochote. Sio upepo."

Nahodha alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeona aibu kupita kulia. Niliapa kwamba sitadanganya tena juu ya upepo, na kwa miaka mingi kiapo hicho sikukivunja.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mwisho kwangu chuoni, na ulikuwa wa mwisho kwake pia. Kila mtu alijua kwamba muhula ule ukiisha Stoo atastaafu. Hakulizungumzia. Lakini mishale nyuma ya mlango iliongezeka, na alianza kutoka mwenyewe alasiri kwenda kuangalia barabara, akirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitaka kitu kimoja tu, sitaki kuwadanganya. Nilitaka kushinda mbio zile kabla hajaondoka, na nilitaka kuzishinda mimi, kwa miguu yangu, jina langu lisomwe.

Nahodha alikuwa amemaliza chuo. Mwenzangu mpya alikuwa Robi, msichana wa Kikuria kutoka Isebania, mwembamba, mkimya, mwenye miguu ambayo ilionekana haina mwisho. Alikuwa na kasi ya kutisha kwa umbali mfupi. Wiki chache kabla ya mbio Stoo alituita stoo, akafunga kidirisha.

"Robi atavuka mstari," alisema. "Wewe utamfikisha. Wewe ndio miwa."

Hapa lazima nieleze habari ya miwa. Kati ya Migori na Rongo, hasa Awendo, barabara inapita kwenye mashamba ya miwa, na miwa ikisimama pande zote mbili inakuwa ukuta. Upepo haukupati. Tatizo ni pale ilipokatwa. Unatoka kwenye ukuta, unaingia uwazi wa ghafla, na upepo unakuchapa ubavuni kabla hujajiandaa. Ndiyo maana Stoo alikwenda kuangalia. Alijua shamba gani limevunwa wiki hii na lipi litangoja mwezi ujao, kuliko wenye mashamba.

Kwa hiyo nilielewa alichosema, nikachukia. Nilimwona kama shangazi yangu tu, amepata njia nyingine ya kuusema mwili wangu. Nikamjibu, "Basi nipe kazi ya ukuta huko bwalo," nikatoka. Siku mbili sikwenda mazoezini.

Siku ya tatu alinikuta getini. Alikuwa nje ya geti, ameshikilia baiskeli yake, na juu ya keria alikuwa amefunga magunia mawili ya omena yaliyofura hadi juu ya kichwa chake. Hakuomba msamaha. Hakunisihi. "Kaa mbele," alisema, "twende Awendo turudi."

Nilikaa mbele kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mzigo, na sikuwa nimekosa adabu kiasi hicho. Ilikuwa saa nane mchana, upepo wa ziwa umeamka. Tukatoka. Nilikwenda kwa hasira, nikikanyaga kama ninayempiga mtu, nikitarajia atabaki. Alikuwa na miaka karibu sitini. Kila nilipouliza yamo, sauti yake ilinijibu palepale begani, haina hata kuhema: onge. Kilomita baada ya kilomita. Onge. Tulifika Awendo, akashuka, akajifuta uso kwa mkono wa dastikoti.

"Nimeendesha hii barabara tangu nikiwa kijana," alisema. "Nimekaa nyuma ya wanaume wengi, wengine wamekufa, Mungu awarehemu. Nyar Karungu, sijawahi kupata mgongo kama huu."

Nililia pale Awendo kando ya trekta ya miwa, na dereva wa trekta akauliza kama mzee huyu amenikosea. Stoo akamwambia ashughulike na miwa yake. Tuliporudi chuoni nilikwenda kumtafuta Robi.

Kulikuwa na jambo jingine katika mafunzo yake ambalo vyuo vingine walilicheka. Barua ya mashindano ilisema mbio zitaanza saa mbili asubuhi. Asubuhi upepo wa huku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, unakusukuma mgongoni, raha tupu. Kila chuo kilifanya mazoezi asubuhi. Stoo alitutoa saa saba mchana, kwenye jua la kuchemsha ubongo, upepo usoni. Mwalimu wa michezo alimuuliza kama hajasoma barua.

"Nimesoma," alisema Stoo. "Kuna mgeni rasmi?"

"Yuko."

"Mgeni rasmi akiandika saa mbili, saa mbili ndio anaanza kutafuta soksi."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kufika kabla ya wakati. Stoo ilifunguliwa saa moja na dakika tano asubuhi, ukifika saa moja na sita alikuwa ameshapanga majembe. Lakini hakuwahi kumlaumu anayechelewa. Alimhesabia tu, kama anavyohesabia mvua.

Siku ya mbio tulipanga mstari Migori saa mbili kasoro, tukiwa tumekula viazi vitamu na tumebeba vingine mfukoni kwa amri yake. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Kwaya ikaimba, ikarudia. Wasichana wa vyuo vingine walikuwa wamejipasha misuli mara tatu, na chakula chao cha asubuhi kilikuwa kimekwisha kazi. Mimi na Robi tulilala kwenye kivuli cha ukuta wa benki, tukala kiazi. Saa tano na nusu magari yakafika, zikafuata sala mbili na hotuba nne. Kipyenga kilipigwa saa saba kasoro. Nilitazama bendera juu ya jukwaa. Ilikuwa imegeuka, inatupepea usoni.

Stoo hakuwepo. Kwa kuwa hakuandikwa kocha hakuruhusiwa kupanda gari la kufuata wapiga mbio, basi alikuwa ameondoka alfajiri kwa baiskeli yake. Hakusema anakwenda wapi.

Awendo tulipita kama alivyotuchorea. Baada ya kanisa la bati la buluu shamba la kushoto limekatwa. Nikasogea kushoto kabla hatujafika, Robi akajificha kulia, na upepo ulipokuja ukanikuta mimi nimejiandaa. Waliokuwa mbele yetu uliwavurugia msururu wao wote. Nilisikia mtu akipiga kelele na baiskeli ikiingia majani. Mbele kidogo kulikuwa na shamba ambalo Stoo hakutuambia, limekatwa asubuhi ileile, matrekta bado yamesimama, na hapo tuliyumba sote kama walevi. Hata yeye hakuweza kujua kila kitu. Tulipofika Rongo zilikuwa zimebaki jozi tano mbele yetu. Kufikia Rodi ilibaki moja tu, wasichana wawili wa kutoka upande wa Kisii, wenye baiskeli nyepesi zinazong'aa, na walikuwa wametuacha kwa umbali wa kurusha mpira mara mbili.

Na pale njia panda ya Rodi alikuwa Stoo. Alisimama kando ya barabara na dastikoti yake, ameinua juu kwa mikono miwili gunia tupu la omena. Hakupiga kelele, hakutushangilia. Gunia lilikuwa limejaa upepo, limenyooka kuelekea kulia na nyuma. Kutoka hapo hadi Homa Bay hakuna miwa, hakuna miti ya maana, ni wazi hadi ziwani, na yeye alitaka tujue upepo unatoka wapi kabla hatujauingia. Mbele na kushoto. Nikasogea kushoto.

"Yamo?"

"Nitie," akasema Robi.

Nikasogea zaidi. "Yamo?"

"Nitie."

Nikasogea hadi ukingo wa lami, magurudumu yanakwaruza mchanga. "Yamo?"

"Onge."

Basi nikakanyaga. Sijui nieleze vipi saa ile. Nilikuwa nimebeba upepo wote wa ziwa kifuani, mapaja yanawaka, kamasi inanitiririka, na kila barabara ilipojipinda kidogo nilipaswa kuuliza tena. Na Robi, Mungu ambariki, hakunionea huruma hata kidogo. Nitie. Nitie. Nilimchukia. Kuna mahali nilifikiri, si aseme tu onge anipumzishe, na nikakumbuka blanketi la nahodha, nikasogea. Wale wa Kisii walikuwa wakienda sambamba, ubavu kwa ubavu, kila mmoja anapigana peke yake. Tuliwapata kwenye mteremko ambapo unaanza kuliona ziwa na kilima cha Asego.

"Yamo?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa sauti tena.

"Nitie, dada," alisema Robi. "Samahani."

Nikasogea mara ya mwisho. Tulipowapita na kuona mabango ya mji, nilimwambia, "Enda," na yeye akatoka nyuma ya mgongo wangu akiwa mbichi kabisa kama mtu aliyetoka kulala. Alishinda kwa umbali ambao watu bado wanaubishania. Mimi nilivuka nikiwa wa sita. Jina langu halikusomwa.

Mwalimu wa michezo aliinua kombe na kupigwa picha, akiwa ameandikwa kocha, na Robi akalia kwa furaha. Mimi nililala kwenye nyasi. Baada ya saa nzima hivi nilisikia funguo. Stoo alikuwa amefika kutoka Rodi, peke yake, upepo usoni, kwa baiskeli yake nzito. Alimpongeza Robi kwa kumshika mkono. Kisha akaja nilipokuwa.

"Umechoka?"

"Nimechoka, Mzee."

"Vizuri." Akasimama pale akitazama ziwa. "Leo umenikumbusha watu wangu," alisema. Halafu akachukua baiskeli yangu, akaisukuma hadi kwenye bomba la maji, akachutama, akaanza kuiosha. Spoku kwa spoku. Wasichana wa timu yetu waliokuja kushangilia waliacha kuimba, wakatazama. Nimepata vyeti tangu siku ile, na siku moja nilipewa mkono na mtu mkubwa serikalini. Hakuna kilichonipa fahari kama ile ya kumwona yule mzee akiosha mnyororo wangu kwa kidole gumba.

Jumatatu nilipokwenda stoo kuchukua chaki alinipa tano nzima. Nyuma ya mlango, kando ya mshale wa mchana wa Jumamosi, alikuwa ameandika maneno mawili: Nyar Karungu. Alistaafu mwishoni mwa muhula. Nasikia mtunza stoo aliyemfuata alipaka mlango rangi.

Sasa mimi ni mwalimu karibu na Rodi, na watoto wangu wa shule wanashindana kwa baiskeli. Kwenye fomu zao, mahali pa kocha, nimeandikwa mimi. Nina cheti.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, nilikuwa nikienda Homa Bay kwa baiskeli na mzigo wa jezi zao za mashindano, furushi kubwa jepesi lililofungwa keriani, linanivuta nyuma kila upepo unapovuma. Mbele yangu nikaona baiskeli nyeusi ikienda polepole. Nilitambua vibanio vya suruali kabla sijamtambua mtu. Dastikoti ilikuwa ileile na bado haina kifungo cha tatu, ila sasa ilimpwaya, inapepea ubavuni kama imetundikwa kwenye kamba. Hakuwa amebeba kitu.

"Nyar Karungu," alisema nilipomfikia, kana kwamba tuliachana jana. "Mzigo gani huo?"

"Jezi za watoto, Mzee."

"Nyepesi."

"Nyepesi, lakini inashika upepo."

"Kama omena," alisema, akacheka. Kisha akaanza kukanyaga kwa nguvu ili anipite.

"Mzee, wacha mimi nikae mbele."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani nani ako na mzigo?"

Nilipunguza mwendo, akapita, akakaa mbele yangu, na mimi nikasogea gurudumu kwa gurudumu kama alivyonifundisha. Mgongo wake ulikuwa umekuwa mdogo kama wa mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ziwa lilikuwa limechafuka huko chini, na upepo ulipita pande zake zote mbili na juu ya kichwa chake, ukanifikia wote, ukanijaza macho machozi.

"Yamo?" aliuliza bila kugeuka.

"Onge, Mzee," nikamwambia. "Onge kabisa."

Akakaza mgongo, akaendelea kukanyaga.